Mkono Ulikwenda Wenyewe

Mwanangu Zuhura,

Salamu tumepeana tangu alfajiri, na ukirudi kusukwa kwa Mama Tatu tutapeana nyingine, kwa hiyo hapa nazipita. Nazipita pia habari za sweta, dawa ya kifua, kuswali kwa wakati na kutokula vya barabarani basi likisimama. Hayo nimeyasema mpaka baba yako akaniomba nipumzike. Nataka kuandika yale ambayo mdomo wangu huu, unaosifika Kibamba nzima kwa kutokosa la kusema, umeshindwa kuyatamka muda wote uliokuwa nyumbani.

Usisome kesho pale stendi mbele yangu. Nitaona haya, nitakunyang'anya. Soma basi likishaiacha Mbezi.

Mjomba wako Shabani anasubiri jibu langu leo hii. Ndiyo au hapana, hataki hadithi. Jibu hilo linakuhusu wewe na mtihani unaokwenda kuurudia, na mpaka naandika mstari huu sijui nitamwambia nini. Nitakueleza yote, ila nikianzia hapo utaona mama yako kapungukiwa akili. Acha nianze kwa Bibi.

Bibi yako, mama yangu mzazi, alipatwa na kiharusi tukiwa bado tunakaa Tandika, wewe hata darasa la kwanza hujaanza. Upande wa kulia wote ulilegea, mkono na mguu, na maneno yakawa yanamtoka vipande vipande. Hospitali walimtibu, wakamruhusu. Nikamleta nyumbani, nikamtandikia chumba cha mbele, nikaapa mbele ya ndugu zangu wote kwamba mama yangu hatanyanyua hata kikombe. Walinisifu sana. Na mimi, unanijua, sifa nazipenda kuliko pilau ninayoipika.

Kazi yangu nayo ilinizoesha hivyo. Mpishi wa shughuli akishabandika sufuria la harusi hana nafasi ya kumfundisha mtu kukoroga. Anamnyang'anya mwiko, anakoroga mwenyewe, mambo yanakwenda. Wasichana wangapi wamekuja kujifunza kwangu wakaishia kuosha masinia tu? Wewe mwenyewe umekulia jikoni kwangu, na ulipokwenda chuo mara ya kwanza ulinipigia simu kuniuliza wali unatiwa maji kiasi gani. Nilicheka siku ile. Sasa hivi sicheki.

Basi, akawa anakuja kijana mmoja wa bara, anaitwa Elibariki. Alikuwa amepanga mtaa wa pili, na hospitali ilimruhusu apite kwetu akitoka kazini. Nikadhani daktari, akasema hapana. Nesi? Hapana. Akasema yeye ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Nikamtazama mikono, hana sindano, hana kidonge, hana hata mafuta ya kuchua. Nikajisemea hapa tumepewa mwanafunzi.

Alimwamkia Bibi shikamoo, akakaa chini kwenye mkeka usawa wake, akamuuliza alipokuwa mzima alipenda kufanya nini. Mimi ndiye niliyejibu. Nikamwambia huyu mgonjwa, hafanyi kitu, kila kitu namfanyia mie. Kijana akaitikia kwa adabu kabisa, kisha akamgeukia Bibi akauliza tena vilevile, akanyamaza. Alinyamaza mpaka mimi nikaanza kuona haya kwa niaba yake. Bibi midomo ilihangaika, mate yakamtoka, na mimi nikanyoosha kitambaa kumfuta, Elibariki akanizuia kwa jicho tu.

"Kula," Bibi akasema. "Kula na wenzangu."

Wenzake walikuwa kina mama wa uani kwetu, watu wake wa miaka yote, waliokuwa wakikaa sinia moja mchana baada ya swala. Tangu augue hakukaa nao. Mkono wake wa kulia haufanyi kazi, na wa kushoto hauingii kwenye chakula cha watu. Hilo kwetu hata mtoto hafundishwi, anazaliwa nalo. Mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo si ya sinia.

Elibariki hakulijua hilo, au alilijua kitabuni tu. Siku iliyofuata akaja na kijiko, akamwekea Bibi mkono wa kushoto. Bibi akafumba mdomo, akageuka ukutani. Mimi nikapata la kusema, na nilisema lote. Kijana wa watu alisimama akasikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akapiga magoti, akamwomba Bibi radhi, akamuuliza mkono ule kwetu una maana gani. Alipoelewa akasema basi tutauamsha wa kulia. Akafunga matambara kwenye mpini wa kijiko mpaka ukanenepa, akawa anakuja kumfundisha Bibi kuukamata. Anamfungulia kidole kimoja, anangoja. Anamfungulia cha pili, anangoja. Mimi nilikuwa napita pale mlangoni nasonya, maana kwa muda ule mimi ningekuwa nimeshamlisha, nimemwosha na nimemenya kitunguu chote cha shughuli ya kesho.

Lakini Bibi alianza kukamata. Hilo lazima nilikiri. Siku ya Idi alikuwa anaweza kupeleka kijiko mdomoni, kikifika na nusu ya kilichokuwamo.

Ndugu walijaa siku ile. Tukatandika mikeka uani, na Bibi akasema anakaa na wenzake. Nikamkalisha, wale mama wakamshangilia, wakampa upande wa sinia ulio karibu naye. Akaanza. Wali ukamwagika kwenye kanga yake mpya, ukamwagika mkekani, punje zikaruka upande wa wenzake. Wenzake hawakujali. Walikuwa wanasogeza nyama mbele yake ili aifikie, na mmoja anamsimulia habari za mjini huku anakula. Ni shangazi yangu, amekuja kutoka Bagamoyo, ndiye aliyenisogelea sikioni.

"Zaituni," akaniambia, "leo mama yako umemfanya kichekesho. Umeshindwa hata kumlisha?"

Zuhura, nilimfuata mama yangu mbele ya watu wote nikakishika kile kijiko. Hakukiachia. Vidole vilikuwa vimekishika kweli, vimejifunza. Nikavifungua mimi, kimoja kimoja, vidole ambavyo yule kijana alikaa muda wote ule akivifundisha kufunga. Nikambeba na mpwa wangu tukampeleka ndani, nikashusha pazia, nikamlisha kwa mkono wangu huu, matonge laini, ya nyama iliyochambuliwa. Alikula yote. Hakunitazama.

Elibariki alipokuja baada ya sikukuu nilimwambia bibi amelala. Akaja tena, nikamwambia amelala. Bibi alikohoa huko ndani, sote tukasikia, na kijana akasema, "Haya mama, nitapita siku nyingine." Sikumwona tena pale mlangoni, na sikumlaumu.

Mpaka hapo unaweza kusema ni kosa la mtu mwenye mapenzi na haya nyingi. Watu wa kwetu wengi wangelifanya. Linalofuata ndilo la kwangu peke yangu, na sijui kama unalikumbuka.

Haikupita muda, shughuli moja ya Mtoni ikaahirishwa kwa sababu ya msiba. Nikarudi nyumbani mapema. Nikasikia kicheko chumbani kwa Bibi, nikafunua pazia. Mlikuwa mmekaa mkekani, wewe na yeye, sahani moja katikati. Bibi alikuwa anakula kwa mkono wake wa kulia, bila kijiko, anachota kwa ncha za vidole, nusu inamwagikia mapajani. Na wewe hukuwa unamsaidia. Hukuwa hata unamtazama. Ulikuwa unakula zako upande wako, mashavu yamekujaa, na mlikuwa mnacheka kitu nisichokijua mpaka leo.

Nilikuchapa. Nilikuchapa kwa mkono uliotoka kushika masufuria, ukaruka kutoka mkekani. Nikakwambia mtoto gani wewe, unashiba bibi yako anahangaika? Nikakwambia ukimwona mkubwa anahangaika unamfanyia, usingoje kuambiwa.

Bibi akasema, "Mwache. Mwache mtoto."

Aliyasema sawasawa kabisa, kuliko neno lolote alilolisema tangu augue. Na mimi nikajifanya sikuelewa. Nikamwambia unataka maji, mama? Nikaenda kumletea maji.

Tangu siku ile ulikuwa unamlisha Bibi kabla ya kula wewe. Unamfuta mdomo, unamvisha kandambili, unamchana nywele. Majirani walikuwa wakikuona wanasema Zaituni kazaa mtoto, huyu ndiye mtoto. Mkono wa Bibi haukupata kazi tena. Vidole vikajikunja ndani, vikakaza, ikafika mahali kucha zinamchoma kiganja ikabidi nimwekee kitambaa. Aliishi hivyo nyuma ya pazia hadi Mungu alipomchukua. Nilimwomba radhi kabla hajafa, akanipa, na mazishini kila mtu alinishika mkono akaniambia nimepata pepo yangu. Mchana ule wenzake wa uani walikaa sinia lao, wakaacha nafasi moja tupu bila kuambiana. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba nafasi ile niliifanya tupu mimi, tangu siku ile ya Idi.

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe ulifunzwa na mamako barabara, na hilo ndilo tatizo letu.

Ulipomaliza kidato cha sita ukaniambia unataka kusomea tiba kwa vitendo, nilikaa kimya, na ukadhani sijapenda. Uliposema jina la kazi ile nilimwona yule kijana kwenye mkeka. Ndugu walipouliza unasomea nini nilikuwa nasema udaktari, wakibana nasema mambo ya mazoezi. Kusema kweli nilikuwa najua vizuri sana unasomea nini. Kuliko wote ukoo mzima nilijua, na ndiyo maana nilishindwa kulisema.

Unakumbuka likizo ile uliyokuja na zoezi lenu la chuo, ufunge mkono wako wa kulia kutwa nzima ili ujue mgonjwa anavyoishi? Ukaufunga kwa kanga, ukaja jikoni kukata kitunguu kwa kushoto. Kitunguu kinateleza, kinaanguka, unakiokota, kinaanguka. Nilijizuia weee, kisha nikakunyang'anya kisu. Ukaniambia, "Mama, nitaandika nini sasa?" Nikakujibu andika kwamba mama yako alikuonea huruma. Tulicheka wote, baba yako akacheka. Lakini ulikuwa umeniachia kisu upesi mno. Hukubishana hata kidogo.

Sasa nafika kwenye simu yako, ile uliyonipigia unalia mpaka nikadhani kuna mtu amekufa. Ukanieleza yule mzee wa wodini, aliyepooza upande kama Bibi, na kwamba mtihani wako ulikuwa umsimamie avae shati lake mwenyewe. Alivaa mikono, akafunga kifungo cha kwanza, akafunga cha pili. Kwenye cha tatu akakwama. Jasho likamtoka, akakutazama, macho yana machozi, na msimamizi amesimama pembeni na kalamu. Ukakifunga wewe. Ukafunga na vilivyobaki, mpaka kola ukamnyoosha.

Msimamizi akakwambia leo umevaa wewe, mgonjwa bado hajavaa. Akakufelisha.

"Mama, sikuamua," ukaniambia. "Mkono ulikwenda wenyewe."

Nikakuambia pole mwanangu, huyo msimamizi hana roho. Nikakata simu nikakaa jikoni. Mkono haukwenda wenyewe, Zuhura. Niliutuma mimi, siku ile shughuli ya Mtoni ilipoahirishwa nikakuchapa. Nilijua hapohapo, na sikukupigia kukuambia.

Nilichofanya ni kumpigia mjomba wako.

Ndiyo, ni mimi. Shabani hakujileta. Nilimwambia mtoto amekwama, amebakishiwa nafasi moja tu ya kurudia, akikosa anadisko, chuo kinamwondoa, anarudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka yote ile. Nikamwambia wewe na biashara yako ya spea hapo Ubungo unajuana na dunia nzima, tafuta mtu. Shabani akatafuta, na mwishoni mwa juma lililopita akapata. Kuna mtu anayejuana na mmoja wa watakaokusimamia. Hakuna makubwa, anasema, ni neno tu la kiutu uzima, mtoto aangaliwe kwa jicho la huruma. Nilishukuru mpaka nikatoa machozi. Nikasema nitamjibu, nikiwa na maana ya ndiyo, sikutaka tu ionekane nina haraka.

Na nitakuambia ukweli mwingine. Nilikuwa nimepanga usijue kamwe. Ungepita, ungerudi na cheti, ningepika shughuli ambayo Kibamba haijapata kuiona, na wewe ungesimama katikati ya watu ukidhani umeshinda mwenyewe.

Kilichoniharibia ni mchana wa leo.

Ulimkalisha baba yako sebuleni, ukamfunga mkono wa kulia kwa mtandio, ukamwambia avae shati. Mimi nilikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Baba yako na mikono yake ile minene, hata akiwa mzima vifungo vinamshinda, akaanza kuhangaika kwa mkono mmoja. Na wewe ukakaa mbele yake ukaikalia mikono yako. Nilikuona. Uliikalia kabisa, viganja chini ya mapaja. Unamwambia kwa sauti ya chini, "Anza na cha chini, baba. Kibane na kidole gumba." Kisha kimya. Alipokosea ulifumba macho. Ulipoyafumbua yalikuwa yana machozi, mdomo umeung'ata, na mishipa ya shingo imekusimama kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Nikaweka ungo chini nikaingia kumsaidia mume wangu.

"Mama, usimguse."

Hujawahi kusema nami kwa sauti ile. Nilirudi jikoni nimekasirika, nikawa naongea na mchele. Mtoto nimemzaa mwenyewe ananifokea kwenye nyumba yangu, mbele ya baba yake. Nikachagua mchele wote kwa hasira. Hasira ilipopungua nikakuta nalia, na si kwa sababu ulinifokea. Nimekulea miaka yote hii sijawahi kuona unafanya kazi ngumu kama ile ya kukaa.

Baba yako alimaliza, unajua mwenyewe. Kifungo kimoja alikiruka, shati likapanda upande, na amekwenda nalo hivyohivyo msikitini, anajigamba njia nzima.

Alasiri Shabani akapiga. Wewe ulikuwa unaanika nguo. Anasema yule mtu anamwona leo, anataka kujua aseme au asiseme. Nikamwambia nipe mpaka usiku. Akashangaa. Akaniambia, "Dada, hii ishu wewe ndo umeileta, sasa unaniangusha?" Nilipomwambia baba yako alijibu fanya unavyoona. Unamjua baba yako, huo ndio ushauri wake tangu siku ya ndoa.

Kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu, na simu iko pembeni. Nimejaribu kujiambia kwamba neno moja la mjomba si kitu, kila mtu anasaidiwa, nani katika mji huu amefika alipo bila mtu wa kumsemea? Nimejiambia pia kwamba ukidisko nitakuwa nimekuua mara mbili, kwanza kwa kukulea vile, pili kwa kukaa kimya. Hofu hii sijawahi kuwa nayo hata nilipokuwa nakuzaa. Ulipokuwa mdogo watu waliniambia mchelea mwana kulia hulia yeye, nikadhani ni methali ya fimbo. Fimbo hazikunishinda. Kilichonishinda ni kumtazama mtu wangu akihangaika nikaacha mikono yangu ilipo.

Naiacha kalamu kidogo.

Nimerudi. Nimempigia.

Nimemwambia Shabani asiseme na mtu. Aliuliza mara mbili kama nina homa. Kisha akasema, "Akidisko, dada, usije ukanililia mie." Nikamwambia sitamlilia. Uongo, nitamlilia, ndugu yangu ni yeye. Lakini amekubali, na nilimwapisha kwa kaburi la mama yetu, kwa hiyo hatasema.

Sasa unajua. Kesho utaingia kwenye basi ukiwa huna mtu. Ningeweza kukuficha nikuache uende na moyo mwepesi, nikafikiri pia kuichana barua hii. Lakini ukipita nataka usiwe na shaka hata chembe kwamba kuna mkono uliopita nyuma yako. Na ukikosa, nataka ujue kwamba mama yako alikuwa na njia na hakuitumia, ili ukinikasirikia unikasirikie kwa jambo la kweli. Utarudi hapa. Utanifokea kama ulivyonifokea mchana, nami nitakaa nikusikilize mpaka uishiwe, sitakukatiza, sitakuletea maji.

Sikuombi unisamehe ya Mtoni. Ulikuwa mtoto, na ulikuwa sahihi, na nilikupiga kwa kuwa sahihi. Nakuomba tu ujue kwamba kazi unayokwenda kutahiniwa uliijua kabla hujajua kusoma. Chuo hawakukufundisha upya, wanakurudishia. Mzee atakayekuwa mbele yako atakwama, maana wote hukwama, na atakutazama kama yule wa kwanza. Sina la kukushauri hapo. Hiyo sehemu mimi sijawahi kuifaulu.

Nasikia sauti yako kwa Mama Tatu, mnacheka, bila shaka mnamaliza. Nitaitia barua ndani ya begi kabla hujaingia, na ukiniuliza macho yana nini nitasema vitunguu.

Siku ukishapata cheti chako, ukamaliza na mwaka wa kufanya kazi chini ya wakubwa, wakakupa leseni ya kuwagusa watu peke yako, ndugu watakuja hapa wamejipamba. Watauliza, maana hawaachi kuuliza, ni nani alikusaidia mpaka ukapita. Usione haya kunitaja. Waambie ukweli, kwamba mama yako alikuwepo na hakufanya kitu.

Mimi niliyekuzaa,
Zaituni